Augustino wa Hippo: Mtu Aliyeijua Njia Lakini Akasema Bado



Katika makanisa yetu ya mashariki ya Kongo, watu wanaomkataa Mungu waziwazi si wengi. Ukimuuliza kijana kama anampenda Mungu, atajibu ndiyo. Mfanyabiashara wa sokoni atajibu ndiyo. Mtu anayeishi na mwanamke ambaye hajamtolea mahari wala kumpeleka mbele ya kanisa, naye atajibu ndiyo. Lakini waulize ni lini watampa Bwana maisha yao yote, na jibu litabadilika. Kijana anangoja kwanza diploma. Mfanyabiashara anangoja deni liishe. Yule wa tatu anangoja mwaka ujao. Hakuna hata mmoja aliyesema hapana. Wote wamesema bado.

Leo tunataka kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyesema bado kwa miaka mingi. Alikuwa Mwafrika. Martin Luther alikuwa mtawa wa shirika lililoitwa kwa jina lake, na Jean Calvin alimtaja mara nyingi katika maandiko yake. Kwa hiyo sisi Waprotestanti tunamdai mengi, hata kama hatujui habari zake vizuri. Jina lake ni Augustino.

Mtoto wa mama mwombaji

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 huko Thagaste, mji mdogo wa Afrika ya Kaskazini. Leo mahali hapo panaitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Wakati ule nchi hiyo ilikuwa chini ya utawala wa Roma. Baba yake, Patricius, alikuwa na mali kidogo tu, na hakuwa Mkristo. Alibatizwa karibu na kufa kwake. Mama yake, Monica, alikuwa mwamini wa kweli, mtu wa maombi na machozi.

Akiwa bado mtoto, Augustino alishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo, hata watu wakadhani atakufa. Yeye mwenyewe akaomba abatizwe. Mama yake akaanza kutayarisha mambo kwa haraka. Lakini mtoto akapata nafuu, na ubatizo ukaahirishwa. Ilikuwa desturi ya wengi siku zile. Watu waliogopa kwamba dhambi inayotendwa baada ya ubatizo ni nzito zaidi, basi wakaona afadhali kijana apite kwanza katika ujana wake, ndipo aoshwe. Baadaye, alipokuwa askofu, Augustino aliandika juu ya jambo hilo kwa masikitiko. Aliona ni kama kumwacha mtu azidi kujiumiza kwa sababu tu hajapona.

Hatutaki kuingia hapa katika swali la ubatizo wa watoto wadogo, kwa maana jumuiya zetu hazifanani katika jambo hilo. Tunaona neno moja tu: Augustino hakujifundisha mwenyewe kusema bado. Alilisikia kwanza kwao nyumbani, kutoka kwa watu waliompenda. Sisi wazazi tufikiri. Tunapomwambia mtoto asome kwanza, apate kazi kwanza, ajenge kwanza, na mambo ya Mungu yatakuja baadaye, tunampa somo ambalo atalishika kwa muda mrefu kuliko masomo yote ya shule.

Moyo uliowaka, miguu isiyotembea

Akiwa na miaka 17 hivi alikwenda Carthage, mji mkubwa wa pwani, kusomea ufundi wa kusema mbele ya watu. Huko alichukua mwanamke, akaishi naye bila ndoa, wakazaa mtoto wa kiume waliyemwita Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu. Waliishi pamoja miaka mingi. Augustino hakuandika jina la mwanamke huyo hata mara moja.

Alipokuwa na miaka kama 19 alisoma kitabu cha Cicero, mwandishi wa Roma, kilichowaita watu kuitafuta hekima. Moyo wake ukawaka. Akatamani kuacha mambo ya kupita na kuitafuta kweli. Akafungua Biblia, lakini lugha yake ikaonekana kwake ya watu wa chini, akaifunga. Kisha akaingia katika dini ya Wamanikayo, watu waliofundisha kwamba kuna nguvu mbili, ya nuru na ya giza, zinazopigana tangu mwanzo. Alikaa nao miaka 9. Mafundisho yao yalimfaa kwa sehemu moja: yalimruhusu kusema kwamba anayetenda dhambi si yeye, ni giza lililo ndani yake.

Katika ujana huo alikuwa akiomba. Jambo hili litushangaze. Alimwomba Mungu ampe maisha safi, lakini asimpe upesi. Aliogopa kwamba Mungu angemsikia mara moja na kumponya tamaa ambayo bado alitaka kuishibisha. Wengi wetu tumeomba ombi hilo bila kulitamka.

Rafiki wa Thagaste

Siku moja tu ingeweza kumfundisha hatari ya kungoja. Alirudi kufundisha Thagaste, na huko alikuwa na rafiki waliyekua pamoja na kusoma pamoja. Augustino ndiye aliyemvuta rafiki huyo nje ya imani ya Kikristo. Rafiki akashikwa na homa kali, akazimia, na watu wake wakambatiza hali hajitambui. Alipopata fahamu, Augustino akaanza kuufanyia ubatizo ule mzaha, akidhani watacheka wote wawili. Rafiki alimtazama kama adui, akamwonya aache maneno hayo kama anataka kubaki rafiki yake.

Augustino akanyamaza. Akaona atangoja mwenzake apate nguvu, ndipo wazungumze. Baada ya siku chache homa ikarudi, na rafiki akafa, Augustino akiwa hayupo. Mazungumzo waliyoyaahirisha hayakufanyika kamwe. Augustino alilia hata akaona mji ule wote ni giza, akaukimbia na kurudi Carthage. Hata hivyo, bado hakumgeukia Mungu. Huzuni peke yake haimwokoi mtu.

Waliolipa gharama

Mwaka wa 383 aliamua kuhamia Roma. Monica alimfuata mpaka bandarini, akamshika, akimsihi abaki au amchukue pamoja naye. Augustino akamdanganya. Alisema anamsindikiza tu rafiki anayengoja upepo mzuri wa kusafiri, akamshawishi mama yake alale katika nyumba ya ibada iliyokuwa karibu na bandari. Usiku ule, mama akiwa katika maombi, mtoto akapanda chombo akaenda zake. Asubuhi Monica alisimama ufukweni peke yake, akilia.

Mwaka uliofuata Augustino alipata cheo kikubwa cha ualimu huko Milan, mji alimokaa mfalme. Mama alivuka bahari, akamfuata. Sasa watu wakamtafutia Augustino mke wa jamaa nzuri, ili apande zaidi. Yule mwanamke aliyeishi naye miaka mingi akaonekana kuwa kizuizi. Akarudishwa Afrika, akiapa kwa Mungu kwamba hatamjua mwanamume mwingine, na mtoto wao akabaki kwa baba. Binti aliyeposwa alikuwa mdogo, ikabidi kungoja miaka 2. Augustino hakuweza kungoja hata hiyo. Akatafuta mwanamke mwingine.

Hapa tusimame kidogo. Mara nyingi tunafikiri kwamba mtu anayechelewa kumtii Mungu anajichelewesha mwenyewe tu. Tunasema ni mambo yake na Mungu wake. Lakini tazameni waliolipa. Mama alilia kwa miaka. Mwanamke alipanda chombo, akamwacha mtoto wake ng'ambo ya bahari. Kijana alikua akiona mama yake anaondolewa. Rafiki alivutwa katika uongo. Bado ya Augustino ilikuwa na bei, na sehemu kubwa ya bei hiyo ililipwa na watu wengine. Baba anayesema atatubu baadaye, na leo analewa mshahara, watoto wake ndio wanaolipa ile baadaye.

Sababu zikaisha

Huko Milan Augustino alianza kusikiliza mahubiri ya Askofu Ambrosius. Mwanzo alikwenda kupima ustadi wa msemaji, lakini ujumbe ukaingia pamoja na maneno. Maswali yake juu ya Biblia yakajibiwa moja baada ya lingine. Uongo wa Wamanikayo ukaonekana. Akasoma barua za Paulo. Sasa hakuwa tena na sababu ya akili ya kumkataa Kristo, na bado alikuwa hatembei. Alijilinganisha na mtu aliyelala usingizi mzito: anajua kwamba kumekucha, anakubali kwamba ni lazima kuamka, naye anaomba muda kidogo tu, kisha analala tena.

Mungu alimletea mashahidi wawili. Wa kwanza alikuwa mzee Simplicianus, aliyemsimulia habari za Victorinus, mwalimu mashuhuri wa Roma ambaye sanamu yake ilisimamishwa mahali pa wazi mjini. Victorinus alimwambia Simplicianus faraghani kwamba yeye tayari ni Mkristo. Simplicianus akajibu kwamba hataamini mpaka amwone kanisani. Victorinus alikuwa akicheka, akiuliza kama kuta ndizo zinazomfanya mtu kuwa Mkristo. Kwa kweli aliwaogopa rafiki zake wakubwa. Mwishoni akaogopa zaidi kwamba Kristo angemkana mbele ya malaika, akamwambia Simplicianus waende kanisani. Siku ya kukiri imani, viongozi walitaka kumpa nafasi ya kukiri pembeni. Akakataa, akakiri mbele ya watu wote.

Shahidi wa pili alikuwa Ponticianus, Mwafrika mwenzake aliyefanya kazi katika utawala wa mfalme. Alikuja kumtembelea Augustino na rafiki yake Alypius, akaona barua za Paulo juu ya meza, akafurahi. Akawasimulia habari za Antoni wa Misri, aliyeacha mali yake kwa ajili ya Kristo. Akasimulia pia juu ya maofisa wawili wa mfalme huko Trier. Katika matembezi waliingia katika kibanda cha waamini maskini, wakakuta kitabu cha maisha ya Antoni, wakasoma, na siku ile ile wakaacha kazi ya mfalme ili wamtumikie Mungu.

Habari hii ilimchoma Augustino. Watu wale walisikia mara moja na kuamua siku hiyo. Yeye alikuwa na miaka kama 12 tangu moyo wake ulipowaka kwa kitabu cha Cicero, akiwa mwalimu wa walimu, na bado alikuwa pale pale.

Katika bustani

Ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka wa 386. Ponticianus alipoondoka, Augustino alitoka mpaka bustani ya nyumba, na Alypius akamfuata. Ndani yake kulikuwa vita. Alitaka na hakutaka. Mazoea yake ya zamani yalimshika kama yanamvuta nguo, yakimuuliza kama kweli ataweza kuishi bila yao. Akaenda chini ya mtini, akalia kwa sauti, akimwuliza Mungu mpaka lini ataendelea kusema kesho, na kwa nini mwisho wa uchafu wake usiwe saa ile.

Ndipo akasikia kutoka nyumba ya jirani sauti ya mtoto aliyerudia-rudia kwa wimbo maneno ya kuchukua na kusoma. Akainuka, akarudi alipokiacha kitabu cha Paulo, akakifungua, akasoma kimya mahali macho yake yalipoangukia kwanza. Ilikuwa Warumi 13:13-14, ambapo mtume anawaita waamini kuacha ulevi, uasherati na ugomvi, na kumvaa Bwana Yesu Kristo. Hakutaka kusoma zaidi. Nuru iliingia moyoni, na shaka ikaondoka. Alypius akasoma mstari uliofuata, unaosema juu ya kumpokea aliye dhaifu katika imani, akauchukua kuwa wake. Wakaingia ndani pamoja kumwambia Monica, naye akamshangilia Mungu.

Usiku wa Pasaka wa mwaka wa 387, Ambrosius aliwabatiza Augustino, Alypius na kijana Adeodatus. Miezi michache baadaye, wakiwa Ostia wakingoja kurudi Afrika, Monica aliugua na kufa, akiwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake. Adeodatus naye alifariki akiwa kijana, baada ya kufika Afrika. Muda ambao Augustino aliishi pamoja nao katika imani moja ulikuwa mfupi sana. Hilo ni jambo ambalo kuchelewa kulimnyang'anya, na toba haikulirudisha.

Je, si alifika?

Mtu anaweza kusema: Augustino alichelewa, na bado akawa mwalimu mkubwa wa kanisa, basi na mimi nitachelewa kidogo. Augustino mwenyewe hakuona hivyo. Katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika miaka zaidi ya 10 baada ya siku ile ya bustani, bado alikuwa anasikitika kwamba alichelewa kuupenda uzuri wa Mungu, ambao ulikuwa karibu naye wakati wote. Alijua kwamba neema ilimkuta njiani. Alijua pia kwamba hakuwa na ahadi yoyote ya kuiona siku ile ya Agosti. Rafiki yake wa Thagaste alikuwa na siku chache tu.

Alipowahubiri watu wake alirudia onyo hili. Kwa Kilatini, neno la kesho linafanana na mlio wa kunguru. Aliwakumbusha kwamba kunguru aliyetumwa na Noa hakurudi katika safina, lakini njiwa alirudi. Anayesema kesho kila siku analia kama kunguru, na hatari yake ni kubaki nje. Mungu, alifundisha, amemwahidi msamaha yule anayetubu, lakini hakumwahidi siku ya kesho yule anayeahirisha.

Mji uliozingirwa

Mwaka wa 391 Augustino alifika Hippo, mji wa bandari unaoitwa leo Annaba. Watu walimshika kanisani, wakamfanya kasisi hali analia. Miaka michache baadaye akawa askofu, na akabaki hapo mpaka kufa. Mtu aliyekimbia Mungu kwa miaka mingi hakuwakimbia tena watu wa Mungu.

Katika siku zake za mwisho, Wavandali waliingia Afrika ya Kaskazini kwa vita. Miji ilichomwa, makanisa yakabomolewa, watu wakakimbilia Hippo. Askofu mmoja aliyeitwa Honoratus alimuuliza kama wachungaji wanaweza kukimbia. Augustino alijibu kwamba anayetafutwa yeye peke yake anaweza kujificha, kama wengine wanabaki kulihudumia kanisa. Lakini pale ambapo hatari ni ya wote, wachungaji wasiwaache watu wanaowahitaji. Akaeleza sababu: hatari inapofika mlangoni, watu wa kila umri hukimbilia kanisani, wengine wakiomba ubatizo, wengine wakiomba kupatanishwa na kanisa, wengine faraja. Wasipomkuta mtumishi, hasara yao ni kubwa.

Sisi wa mashariki tunaielewa barua hiyo bila kufafanuliwa. Tumeona usiku ambapo kijiji kizima kinabeba magodoro na watoto. Tumeona watu ambao Jumapili iliyopita walisema wataitikia mwito wiki ijayo, na wiki ijayo haikuwakuta pale. Tunamshukuru Mungu kwa wachungaji na mashemasi waliobaki na kondoo. Lakini tusiwaachie saa ya risasi kazi ambayo tungeweza kuifanya leo katika utulivu.

Mwaka wa 430 Wavandali waliizingira Hippo. Katika mwezi wa tatu wa kuzingirwa, Augustino aliugua homa. Aliagiza Zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda chake, akazisoma akilia. Siku kama 10 za mwisho aliomba asisumbuliwe, ila wakati wa kuletewa chakula au kuja kwa waganga, ili apate kuomba. Alikufa tarehe 28 Agosti 430, akiwa na miaka 75. Ilikuwa miaka 44 tangu siku ya bustani. Mtu huyu aliyeomba asiponywe upesi hakutaka sasa kupoteza hata saa moja.

Neno kwetu

Wapendwa, kumpenda Mungu leo si lazima kuanze na jambo kubwa. Kwa mwingine ni kwenda jioni hii kumwomba ndugu yake msamaha. Kwa mwingine ni kuzungumza na wazee wa jamaa juu ya mahari ambayo imekaa miaka, ili yule mama wa watoto wake apate heshima yake mbele ya kanisa. Kwa mwingine ni kukaa na watoto wake na kuomba pamoja nao kabla ya kulala, ingawa amechoka. Kwa mwingine ni kufanya alichofanya Victorinus, kusimama mbele ya watu na kukiri.

Na wewe mama unayelia kwa ajili ya mtoto aliyekwenda machimboni au mjini na haombi tena, usiache. Monica alibaki ufukweni peke yake asubuhi ile, lakini Mungu hakubaki ufukweni. Alisafiri na mtoto.

Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 3 na ya 4, unarudia neno leo mara kadhaa. Tukisikia sauti yake leo, tusiifanye mioyo yetu kuwa migumu. Bwana atusaidie kuitika kabla jua halijatua.

Mungu awabariki.